Udongo wa Chumba cha Waridi

Inspekta Hénoc Kalenga alifika Bustani ya Bertine saa tatu asubuhi, kwa miguu, kwa sababu pikipiki ya ofisi ilikuwa mwezi wa pili bila petroli. Mkubwa wake, Commissaire Léon Mwape, alimtuma kwa maneno machache. Kuna mwanamke wa Kasai ameua mawaridi kwa sumu. Nenda, andika PV, ripoti ya kesi, mlete. Jumamosi binti ya Léon angefunga ndoa, na picha zingepigwa mbele ya mawaridi yale yale.

Ilikuwa Aprili 1995, mvua zikielekea kuisha. Likasi ilikuwa imepoteza karibu kila kitu kilichoifanya iitwe mji: maduka yaliporwa, viwanda vya Panda vilifanya kazi siku moja na kulala siku tatu, umeme wa bwawa la Koni ulikuja ukipenda. Bustani ile ilibaki. Bertine, mke wa injinia Mbelgiji wa zamani, aliigawa kwa ua wa miti mifupi ikawa kama nyumba yenye vyumba, na kila chumba kikapewa jamii yake ya mimea: minazi-pori, miba ya jangwani, maua meupe matupu, waridi, majani ya dawa, na mwisho kabisa chumba cha mimea ya shaba, au mukuba kama wenyeji wanavyoiita. Kila mlangoni palikuwa na kibao kilichoandikwa kwa mkono. Maarusi waliendelea kuja kila Jumamosi, maana hapakuwa na mahali pengine palipobaki na rangi.

Philippe Kasweka, mkurugenzi wa bustani, alimpokea getini. Alikuwa mtu wa suti ya kijivu na viatu visivyojua tope.

"Kazi iko mwepesi, Inspecteur," alisema. "Muntu tunamujua, sumu tulisha kuiona. Inabakia tu kuandika."

"Nani alimuona anamwanga ile sumu?"

"Minye mwenyewe," alisema Philippe akijigusa kifua. "Kila juma anakuya, anasimama pale, anaangalia. Muntu wa bule haangalie maua saa nzima."

"Nauliza kumwanga. Haina kuangalia."

Philippe alikohoa, akaongoza njia.

Katika chumba cha waridi, mashina mengi yalikuwa hai na yenye maua. Katikati tu palikuwa na kifo. Hénoc alipima kwa hatua: saba kwa urefu, tatu kwa upana. Kingo zake zilikuwa zimenyooka kama zimechorwa kwa rula. Ndani ya mstatili ule kila waridi lilikuwa limekauka, na hata nyasi hazikuota. Hatua moja nje yake, waridi jekundu lilichanua bila habari.

Pembeni palikuwa na bidoni, dumu tupu la mafuta ya mashine.

"Ile bidon iko pale tangu wakati gani?"

"Juma mbili. Tangu maua ilianza kukufa."

Hénoc aliinua bidoni. Nyasi za chini yake zilikuwa zimesimama, mbichi, kijani kibichi. Nyasi zilizofunikwa juma mbili huwa njano na hulala chini. Aliandika mstari mmoja kwenye daftari, akarudisha bidoni palepale.

Kisha aling'oa waridi moja lililokufa. Mizizi ilikuwa mifupi, myeusi, imekatika ncha kama imeunguzwa. Sumu ya kumwagwa juu huanza na majani na shina. Hii ilikuwa imeanzia chini na kupanda.

Na kulikuwa na jambo jingine. Ndani ya mstatili, kati ya mawaridi makavu, vilikuwa vimeota vimmea vidogo vyenye vichwa vya zambarau, labda hamsini. Nje ya mstatili hapakuwa na hata kimoja.

"Hii ni nini?"

"Magugu. Bafanyakazi banangoa, inarudia."

"Juu ya nini haiko kule?"

"Weye uko inspecteur ya polisi ao ya majani?" Philippe alicheka peke yake. "Mwanamuke eko mu depot ya majembe. Tulimufungia."

Hénoc alimfungulia mwenyewe. Alikuwa mama wa miaka arobaini na ushee, amefunga kitambaa kilichofuliwa hadi maua yake yakafifia. Akampeleka kwenye benchi la chumba cha minazi, na Philippe aliyewafuata akaambiwa akae mbali.

"Jina yako, mama?"

"Colette Ngalula." Alimtazama usoni. "Muke ya Ruffin Tshibangu. Nilizani hautanikumbuka, na kweli haukunikumbuka."

Jina la Ruffin alilikumbuka. Machi 1993, usiku mmoja, magunia ya madini ya shaba na cobalt yaliibwa kutoka ghala la Panda, linalopakana na bustani. Mlinzi wake, Camille Ilunga, alikutwa asubuhi kwenye uzio, kichwa kimepasuliwa, kofia yake ya chuma haipo. Zilikuwa siku ambazo Wakasai, watu wenye asili ya mkoa wa Kasai, walifukuzwa nyumba kwa nyumba, wakalundikana kwenye gare, stesheni ya treni, wakingoja mabehewa ya kuwarudisha katika nchi ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona. Philippe alikuja ofisini akasema amemwona mkuu wa watunza bustani, Ruffin, na kitoroli, usiku ule. Hénoc aliandika PV ile kwa mchana mmoja bila kunyanyuka kwenye kiti. Karatasi haikuwa imekauka wino, jina likafika gare. Vijana waliokuwa wakiwafukuza Wakasai wakamtoa Ruffin katikati ya watoto wake, wakampiga. Aliishi siku tatu baada ya kipigo kile, amelala juu ya sementi ya gare, kisha akafa.

"Ulimwanga nini pale, mama?"

"Hakuna. Nilikuya kuangalia."

"Kuangalia nini?"

"Uliona tule tumaua twa violet?"

"Niliona."

"Njo tule. Ruffin aliniambiaka: kale kamaua kanapenda mukuba. Pa budongo ya muzuri kanashindwa, majani ingine inakafinya. Lakini pa fasi mukuba iko mingi, ingine yote inakufa, kenyewe kanabakia. Wakati alitengeneza chumba ya mwisho kule, alileta budongo ya mukuba toka Kambove, makamio mbili. Bila ile, kalikataa kuota."

"Na hapa kwa mawaridi?"

"Hapa budongo ilikuwa mweusi, ya mbolea. Miaka makumi mbili Ruffin alikuwa anaichunga na mikono yake. Mukuba itatoka wapi?"

Hénoc aliandika. Kisha akauliza, bila kuinua macho: "Kama ulijua, juu ya nini haukuya ku bureau ya polisi kusema?"

"Ku bureau ya nani?"

Upande wa pili wa ua, mfanyakazi alikuwa akifagia majani. Hénoc alingoja mpaka akapita.

"Usiku ile Camille alikufa, mulikuwa wapi?"

"Ku gare. Balitufukuza mu nyumba jumapili mangaribi. Jumanne ba-sœurs ba misioni balisha kutuandika mu cahier, daftari yao, mbele ya kupewa bunga. Camille alikufa jumatano. Waserikali balikuwa banafunga gare saa kumi na mbili, hata muntu wa kwenda ku choo alikuwa anaomba ruhusa." Alisema yote hayo kwa sauti moja, kama mtu anayetaja bei sokoni. "Haukuulizaka, Inspecteur. Nilingoja uniulize. Nilikuwa pale mbele yako siku ulikuya kuangalia maiti ya Ruffin."

Alimwacha kwenye benchi, akamwambia Philippe kwamba mama yule yuko mikononi mwa polisi na asiguswe. Kisha akaenda hadi chumba cha mwisho. Kibao cha mlangoni kilisema MUKUBA, na chini yake, kwa herufi ndogo za mtu mwenye subira, *haya ndiyo majani yanayokula jiwe*. Mle ndani udongo ulikuwa wa rangi ya majivu yenye kijani. Vimmea vya zambarau vilijaa. Alichuma kimoja akakiweka kando ya kile alichokitoa kwenye waridi. Majani mawili mawili yakielekeana, kichwa kimoja cha maua, na shina, alipolisokota kati ya vidole, lilikuwa na pembe nne. Alisokota la pili. Pembe nne. Mbegu zake zilikuwa vumbi tupu, zikabaki kwenye jasho la kiganja. Upepo ungeweza kuzitupa bustani nzima, na pengine ulizitupa kila mwaka. Nje ya chumba hiki, zilikubaliwa mahali pamoja tu.

Kwa masista alifika saa tano. Sœur Danielle, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, hakuuliza sababu. Alileta madaftari manne yaliyofungwa kwa kamba, akafungua la pili bila kutafuta sana.

"Tarehe?"

"Kumi na sita na kumi na saba, mwezi wa tatu, 93."

Walikuwepo. Tshibangu Ruffin, mke, watoto wanne. Jumanne tarehe 16, unga na maharagwe, sahihi. Jumatano tarehe 17, saa kumi na moja jioni, unga, sahihi. Alhamisi tarehe 18, saa kumi na mbili asubuhi, maji na dawa ya mtoto, sahihi. Herufi za sahihi zilikuwa zile zile za kwenye kibao cha MUKUBA.

"Miaka mbili minye nachunga hii makaratasi," alisema Sœur Danielle. "Nilikuwa najiuliza ni nani atakuya kuisoma. Sikuwaza itakuwa weye."

"Nitanakili hii ukurasa, Ma Sœur. Na utanipigia kachet."

Alinakili mistari yote, naye akaigonga muhuri wa misioni.

Saa nane alikuwa tena bustanini. Safari hii hakwenda kwanza kwenye waridi. Aliomba daftari la bustani, lile ambalo kazi ya kila siku iliandikwa ndani yake. Philippe alisema limepotea. Mfanyakazi mmoja, bila kumtazama bosi wake, alisema liko kabatini, chini ya mbegu.

Mwandiko wa Ruffin ulikoma Jumamosi, Machi 13, 1993: *kupogoa waridi, samadi chumba cha tatu, yote sawa*. Baada ya hapo kurasa zilikuwa tupu. Kisha, tarehe 18, mwandiko mwingine, mkubwa, wa mtu wa ofisini: *Chumba cha waridi kimefungwa kwa wageni siku kumi. Kubadilisha udongo katikati. Kasweka Ph.*

"Nani alibadilisha ile budongo?" Hénoc aliwauliza wafanyakazi wawili waliosimama mlangoni.

"Haina shiye, chef. Alitupatia congé ya siku kumi, tupumzike ku nyumba. Tulirudia, tukakuta maua mupya yalisha kupandwa."

"Kamateni majembe."

Walichimba kuanzia ncha ya kaskazini ya mstatili. Tabaka la juu lilikuwa udongo mweusi. Kwenye kina cha mkono hadi kiwiko, jembe lilianza kutoa tope la kijani, kijani cha sufuria ya shaba iliyosahaulika mvuani. Kisha vikatokea vipande vya karatasi nene vilivyooza, vingine bado vikiwa na maandishi ya ghala la Panda, na ndani yake unga wa madini ulioganda kama sabuni. Magunia yalikuwa yamepangwa safu mbili, yamelazwa kwa uangalifu. Mwaka wa kwanza karatasi ilikuwa imeyashikilia. Mwaka wa pili mvua ikaipasua, na mawaridi yakaanza kunywa.

Chini ya safu ya pili wakatoa kofia ya chuma. Ilikuwa imebonyea upande mmoja. Hénoc aliifuta kwa kidole mpaka namba ikaonekana, akailinganisha na namba aliyoikumbuka kutoka faili. Ilikuwa ya Camille.

Philippe alikuwa ameketi kwenye ukingo wa njia, suti na yote.

"Bustani iko ya kila muntu," alisema. "Kila muntu anaingia."

"Tarehe kumi na nane, hakuna muntu aliingia. Weye njo ulifunga mulango, na weye njo uliandika."

"Ruffin alijua hii fasi kuliko minye."

"Ruffin alikuwa ku gare. Niko na sahihi yake ya mangaribi na ya asubui. Na muntu wa kujua majani kama Ruffin hangeficha mukuba chini ya waridi. Angejua itamusema." Hénoc alichuchumaa mbele yake. "Asubui hii uliweka bidon pa majani ya mubichi. Tangu mbele ulikuwa muntu wa haraka, Philippe. Camille alifanya nini?"

Wafanyakazi walisimama wameegemea majembe.

"Alipashwa kufungua mulango tu," Philippe alisema mwisho. "Tulisha kusikilizana. Mu katikati ya kazi akaogopa, akashika filimbi. Rafiki yangu, dereva wa kamio, akamupiga. Kisha akakimbia na kamio yake, akaniacha na magunia ku uzio. Niliyazika pamoja na ile kofia, kisha nikaogopa kuyafukula."

"Na jina ya Ruffin?"

"Alikuwa alisha kufukuzwa. Niliwaza eko mbali na shiye, haitamuumiza zaidi." Akanyanyua uso, na sasa hakukuwa na woga ndani yake, kulikuwa na hasira iliyochacha. "Lakini minye nilisema tu. Sikuandika. Weye njo uliandika. Haukuniuliza saa ngapi. Haukuniuliza kama mwezi ilikuwa inangaa ao hapana. Haukuenda ku nyumba yake kuona kama eko ndani. Minye nilikuwa na haraka juu ya woga. Weye ulikuwa na haraka ya nini?"

Hénoc aliandika maneno yale yote, pamoja na yale yaliyomhusu, neno kwa neno. Akamsomea. Akampa kalamu, na Philippe akatia sahihi.

Commissaire Léon Mwape alifika saa kumi na lori. Alitazama shimo, akatazama magunia, akaweka kofia ya Camille kwenye kiti cha mbele kama mtu anayeweka mkate.

"Kazi ya muzuri, Hénoc. Magunia inakwenda ku bureau."

"Na muuaji?"

"Faili ya Camille ilifungwaka. Mwenye kosa alikufa."

"Mwenye kosa eko pale, Commissaire. Niko na sahihi yake."

Léon alimshika bega, kwa upole, kama baba. "Faili ya mufu haifunguliwe. Ukiifungua, ya kwanza watauliza ni nani aliiandika. Philippe eko anatayarisha ndoa ya mutoto yangu. Jumatatu tutaongea."

Lori liliondoka na magunia. Hénoc alilisindikiza kwa macho hadi njia panda. Ofisi ilikuwa kushoto. Lori lilikata kulia, njia ya Kambove, kwa wanunuzi wa madini.

Jumamosi ndoa ilifungwa, na picha zikapigwa katika chumba cha maua meupe. Jumatatu Philippe hakuwapo Likasi, na hakuna aliyetumwa kumtafuta. Faili ya Camille haikuonekana tena kabatini, wala kofia.

Lakini PV mpya Hénoc alikuwa ameipiga taipu Ijumaa, nakala tatu, kwa mashine ya ofisi iliyokosa herufi *r*, kila *r* akaijaza kwa kalamu. Aliandika kwamba Tshibangu Ruffin hakuiba wala hakuua. Aliandika sababu moja baada ya nyingine: daftari la masista, daftari la bustani, udongo, kofia, maungamo. Aya ya mwisho ilisema kwamba PV ya Machi 1993 iliandikwa bila uchunguzi wowote, na aliyeiandika ni yeye. Nakala moja aliiweka kwenye jalada jingine la ofisi. Moja aliipeleka kwa mjane wa Camille. Ya tatu alimpelekea Colette, aliyekuwa amepewa kona ya kulala kwa masista.

Colette aliisoma yote, polepole, kidole chini ya mstari.

"Ni muzuri," alisema. "Sasa twende uisome."

"Kwa nani?"

"Ku camp. Kwa bale balitufukuza."

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, wakaenda pamoja kwenye kambi ya wafanyakazi wa Panda, hadi nyumba ya tatu ya mstari wa pili, ile waliyofukuzwa Ruffin na Colette. Ndani yake sasa aliishi mama aitwaye Clémentine, na mume na watoto. Alikuwa barazani akichambua mboga. Alipomtambua Colette, mikono yake ilisimama. Majirani walianza kutoka mmoja mmoja. Wengine walikuwa wale wale waliomfukuza. Colette aliwataja majina walipokuwa wakikaribia, akawasalimia kama mtu aliyerudi kutoka sokoni.

Hénoc alisoma akiwa amesimama. Alisoma tarehe, sahihi, udongo, kofia. Alipofika kwenye aya ya mwisho aliisoma pia, na jina lake chini. Mzee mmoja alivua kofia, akasita, akaivaa tena. Mama mmoja aliingia ndani akafunga mlango.

Clémentine ndiye aliyezungumza. "Sasa, mama, unakuya kutunyanganya nyumba?"

"Hapana," Colette alisema. "Nyumba mukae. Tangu miaka mbili munalala mu nyumba ya mwizi, mu roho yenu munasikia muzuri. Tangu leo mutalala mu nyumba ya Ruffin."

Clémentine aliinamisha kichwa juu ya mboga zake.

Hénoc alikunja karatasi, akamnyooshea Colette. Hakuipokea.

"Kaa nayo," alisema. "Minye nilijuaka tangu mbele. Weye njo haukujua."

Akashuka barazani, akaelekea barabarani peke yake, na watu wakampisha njia, kila mmoja akitazama upande mwingine.